Dawa ya mtoto si ya kupimwa kwa kijiko cha sukari

Je, mzazi, mtoto anaposhikwa na homa usiku, wewe humpimia dawa kwa kifaa gani? Wengi wetu hukimbilia jikoni na kuchukua kijiko chochote kilicho karibu. Hapo ndipo makosa huanzia.

Vitu viowevu hupimwa kwa lita au mililita. Lita moja ni mililita 1,000. Lita hufaa kwa maji ya mtungini au mafuta ya taa. Dawa ya mtoto ni kidogo na ina nguvu, kwa hivyo kipimo chake ni mililita.

Kijiko cha chai kinachotajwa na daktari ni mililita 5, na kile kikubwa ni mililita 15. Ukivichanganya, mtoto atameza dawa mara tatu zaidi. Isitoshe, vijiko vya nyumbani havilingani. Hebu vitazame vyako. Dawa ya paracetamol ikizidi, huharibu ini, na dalili huenda zisionekane siku hiyo hiyo.

Soma pia maandishi kwenye chupa kwa makini. Ukiona "mg 120 kwa ml 5", miligramu ni uzito wa dawa yenyewe, na mililita ndiyo unayomimina. Tahadhari na nukta: ml 2.5 ikisomwa kama 25, mtoto amepewa mara kumi.

Tumia kikombe kidogo kilichokuja na dawa. Kiweke mezani, kisha uiname hadi macho yako yawe sawa na mstari. Ukikiinua mkononi utakosea. Kwa mtoto mchanga, bomba la sindano lisilo na sindano ni bora zaidi. Likiwa limeandikwa "cc", usibabaike, kwani cc moja ni mililita moja.

Na mtoto akiendesha je? Hapa sasa tunarudi kwa lita. Pakiti nyingine za chumvi ya kuongeza maji mwilini huchanganywa na nusu lita, nyingine na lita nzima. Maji yakipungua, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakizidi, dawa hupoteza nguvu. Chupa ya soda ya mililita 500 iliyooshwa vizuri ni nusu lita kamili, na mbili ni lita moja.

Unaponunua dawa, mwombe mwuzaji akuchoree mstari kwenye bomba, mahali dawa inapofaa kufika, kabla hujaondoka dukani.