Daraja, Hati na Serahangi: Istilahi ya Cheo Kimoja cha Majini

Makala haya yanachunguza istilahi ya afisa mteule wa majini, kwa kuangalia cheo chenyewe kilivyokuwa katika jeshi la wanamaji la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Mjini Kisii, Daraja Mbili ni soko. Katika jeshi la Tanzania, Daraja la Pili ni ngazi ya afisa mteule. Jina la mahali limelichukua neno katika ngeli ya I-ZI, ilhali cheo kimelishika katika ngeli ya LI-YA.

Kisii si mbali sana na manowari kama inavyodhaniwa. Wakati wa vita vya Kisii vya tarehe 12 Septemba 1914, Ziwa Viktoria nalo lilikuwa uwanja wa mapambano. Mwezi huohuo meli Winifred ya Waingereza ilirudishwa nyuma huko Karungu na Muansa ya Wajerumani.

Afisa huyu alianzia chini, akiwa kijana wa sitahani. Baada ya miaka mingi ya kazi na mitihani alipewa hati na wakuu wa jeshi la wanamaji, tofauti na luteni aliyepewa kamisheni kwa jina la mfalme. Walioongoza kundi hili kwa ukongwe walikuwa watatu: msimamizi wa mizinga, serahangi na seremala, ambaye aliendelea kuitwa seremala hata meli zilipokuwa za chuma. Milango ya uluteni ilifunguliwa kwa wachache tangu 1903. Kwa hiyo "mteule" ni tafsiri inayopotosha kidogo: hata luteni aliteuliwa. Kilichomtambulisha huyu ni hati.

Serahangi ni neno lenye historia ya kushuka cheo. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilimaanisha kamanda. Lilipofika pwani yetu likawa la msimamizi wa mabaharia. Yaelekea wanaistilahi walilipuuza kwa kuliona la majahazi tu, na hilo ni hasara.

Mnamo tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliishambulia Pegasus ikitengenezwa bandarini Unguja, ikaizamisha. Königsberg yenyewe iliangamia Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili iliopolewa ikatumika nchi kavu. Mmoja wa kila meli umewekwa Fort Jesus, Mombasa.