Presha si Wasiwasi: Somo Fupi Kuhusu Shinikizo la Damu

Ndugu msomaji, hebu sikiliza jinsi tunavyolitumia neno presha hapa shuleni. Mitihani ya mwisho wa muhula ikikaribia, utamsikia mwanafunzi akimwambia mwenzake, "Wacha kunipa presha." Mwalimu wa zamu akisimama langoni asubuhi, sisi tunaotoka nyumbani kila siku huingia mbio huku tukisema tuna presha. Timu yetu ikiwa nyuma kwa bao moja, twapiga kelele tuwape wapinzani presha. Halafu neno hilo hilo ndilo analoambiwa mgonjwa kliniki: "Mama, una presha."

Nimeonelea niandike makala hii katika jarida la chama chetu kwa sababu naamini neno hili limewapoteza watu wengi. Anayeambiwa ana presha hudhani ameambiwa ana mawazo mengi. Watoto wakilipiwa karo, mvua ikinyesha, deni likiisha, yeye husema presha nayo imekwisha, na dawa huziweka kando.

Kiswahili sanifu kinatupa jina shinikizo la damu. Shinikizo latokana na kushinikiza, yaani kukandamiza kwa nguvu. (Wapo wanaoandika shindikizo, kutokana na kushindika, kama mafuta yanavyoshindikwa kinuni. Mimi nitafuata hilo la kwanza.) Uzuri wa jina hili ni kwamba lataja kitu kinachopimika. Halisemi lolote kuhusu furaha wala huzuni ya mtu. Linasema kwamba damu inazikandamiza kuta za mishipa kwa nguvu ya kiasi fulani, basi.

Moyo wa mtu aliyetulia hupiga takriban mara 70 kwa dakika. Fanya hesabu utaona ni zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja. Moyo unapojikaza huisukuma damu katika ateri na nguvu hupanda. Unapolegea ukingoja pigo linalofuata, nguvu hupungua lakini haiishi. Ndiyo maana vipimo huandikwa kwa namba mbili, mathalani 120/80. Ile ya juu ni ya moyo uliojikaza, ya chini ni ya moyo uliolegea.

Namba hizo ni milimita za zebaki, na hapa wapenzi wa Fizikia watafurahi. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6. Zidisha 120 kwa 13.6 utapata milimita 1,632. Yaani moyo wa mtu mzima mwenye afya una nguvu ya kupandisha maji katika bomba hadi mita 1.63, kunishinda mimi kwa kimo. Sasa chukua mtu mwenye 178. Maji yangepanda hadi mita 2.42, juu ya mlango wa darasa letu! Nguvu hiyo inagonga mishipa myembamba ya ubongo, ya macho na ya figo usiku na mchana. Kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, aliwahi kujaribu jambo hili kwa bomba la kioo na farasi, akachapisha habari zake mwaka 1733. Damu ya farasi ilipanda zaidi ya futi 8. Kwa bahati nzuri Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza ule mkanda wa kufungwa mkononi mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza sauti za damu chini ya mkanda. Sauti ya kwanza kusikika hutoa namba ya juu, na sauti zikipotea ndiyo namba ya chini. La sivyo tungekuwa tunatobolewa kama yule farasi.

Mtu mzima akipimwa siku tofauti na akaonekana ana 140 au zaidi juu, ama 90 au zaidi chini, basi huambiwa ana shinikizo la juu la damu. Kipimo kimoja aghalabu hakitoshi. Na hapa ndipo penye hatari yenyewe: ugonjwa huu haubishi hodi. Mwenye malaria hutetemeka, mwenye jino hulia usiku, lakini mwenye 170/100 anaweza kulima, kuimba kwaya na kucheka vizuri tu. Wengi wetu hungoja kichwa kiume ndipo tuseme "leo imepanda". Kichwa huuma kwa sababu mia moja. Tena kuna wale wanaogawa ugonjwa mara mbili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, kama pacha. Mtu akisikia kizunguzungu anaambiwa ni ya kushuka, anapewa maji ya chumvi, kumbe hakuna aliyempima. Chumvi hiyo kwa mtu ambaye tayari yuko juu ni kuongeza kuni motoni.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Huko duniani, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa wenye hali hii ni takriban watu bilioni 1.3, na karibu nusu yao hawajui.

Nitaeleza habari za watu wawili. Wa kwanza ni fundi cherehani wa mtaani kwetu Nakuru, aliyenishonea sare ya Kidato cha Kwanza. Alijua ana presha. Alikuwa akinunua vidonge vya wiki mbili, akimeza, akijisikia sawa, anaacha hadi "isumbue" tena. Asubuhi moja mdomo ulipinda na mkono wa kulia ukalegea. Kiharusi. Siku hizi hukaa nje ya kibanda akimwelekeza kijana anayekata vitambaa, naye akitaka kuonyesha kipimo anautumia mkono wa kushoto.

Wa pili ni nyanya yangu, au shosho kama tunavyomwita. Mwaka jana alipimwa akapatikana na 178/104. Alimeza dawa mwezi mmoja. Mwezi wa tatu mama alifungua mkebe wa majani chai akazikuta zimejaa.

"Shosho, kwani hukumeza dawa?" nikamuuliza.

"Nilimaliza dozi yangu, mjukuu wangu. Sasa niko sawa. Hizo nimewekea siku ya ugonjwa."

Jibu hilo lilinifikirisha sana. Shosho si mjinga, wala si mkaidi. Ameishi miaka sabini na zaidi akifundishwa jambo moja na kila daktari: maliza dozi. Dawa ya malaria huua vijidudu, kazi yake ikaisha. Sindano ya kidonda nayo ni hivyo hivyo. Dawa ya presha haiui kitu chochote. Inashikilia tu, kama mtu anayeegemea mlango siku ya upepo. Akiondoka, mlango unafunguka. Shosho alipojisikia sawa alidhani amepona, na kwa kweli alikuwa sawa kwa sababu ya dawa. Sidhani kuna aliyemweleza hivyo. Foleni ya kliniki ni ndefu na wauguzi ni wachache. Tena kuna miezi ambayo mgonjwa huambiwa dawa zimekwisha, anunue dukani, na asiye na pesa hununua nusu au humeza siku moja na kuruka nyingine.

Ajabu ni kwamba mle mkebeni mlikuwa na kitu ambacho rais wa Marekani hakuweza kukipata. Franklin Roosevelt alipimwa Machi 1944 akawa na 186/108, karibu na shosho kabisa. Alikuwa na madaktari wa jeshi la majini, lakini tiba ya maana haikuwako wakati ule zaidi ya kupumzika na kupunguza chumvi. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa ulipasuka katika ubongo wake naye akafa akiwa na miaka 63, vita vikiwa havijaisha. Vidonge vyepesi vya kupunguza maji mwilini vilianza kutumika mwaka 1958.

Tuliporudi kliniki na shosho, tulimwomba muuguzi ampime akiwa vile vile anavyojisikia sawa. Ikatoka 182/106. Shosho akaitazama namba kwa muda, akauliza, "Na sisikii kitu?" Tangu siku hiyo namba huandikwa nyuma ya kalenda ukutani. Ya mwezi uliopita ilikuwa 136/82.

Dawa zenyewe ni za aina kadhaa, na daktari anaweza kuchanganya mbili au tatu. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa ili njia ipanuke. Baadhi ya watu huvimba vifundo vya miguu. Haidroklorothiazaidi huziambia figo zitoe chumvi na maji zaidi, ndiyo sababu humezwa asubuhi, usije ukaamka usiku kucha kwenda haja ndogo. Enalaprili na losatani huzuia kemikali ya mwili inayobana mishipa. Enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu, nao huacha dawa kimyakimya wakidhani wamepata homa, ilhali wangesema wangebadilishiwa. Sasa lile la kuazimana vidonge na jirani, nalipinga kabisa. Enalaprili na losatani huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na yale ya figo huyajui mpaka upimwe. Vile vile wako wanaopanda matatu na chupa za mitishamba wakiahidi kuponya presha kwa siku saba. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri katika mboga, lakini aliyeacha vidonge kwa ajili ya chupa ile amerudi alikokuwa fundi wetu.

Kuhusu chumvi, liko jambo lililofanyika hapa hapa kwetu. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal. Katika muda mfupi tu wa kuishi mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wenzao. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, yaani chumvi, na potasiamu kidogo. Potasiamu hupatikana kwa wingi katika ndizi, viazi, maharagwe na mboga za majani, vyakula vya shambani hasa. Mioyo yao pia ilipiga kwa kasi zaidi, kwa hiyo sisemi kwamba maisha ya wasiwasi hayana sehemu yake. Nasema tu kwamba wasiwasi ukipungua si lazima namba ishuke nao.

Chumvi huvuta maji, tuliliona hilo tulipojifunza osmosi kwa vipande vya viazi. Ikizidi katika damu, maji huifuata, damu huongezeka wingi na mishipa hukandamizwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo tayari ndani ya mkate, soseji, chipsi na viungo vya pakiti vya mchuzi. Wenzangu, hebu tukumbuke zile embe za langoni zinazopakwa pilipili na chumvi. Nazipenda kama ninyi. Lakini nimeona mtu akimaliza kijiko chake cha siku nzima kabla kengele ya saa nane kulia.

Nilipoisoma makala hii mbele ya chama, niliulizwa maswali, nami nayaandika mawili. La kwanza: ni lini mtu akimbizwe hospitali? Namba ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kutoona vizuri, asingoje kesho. Na uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, aende mara moja, hata kama hakuna mashine ya kumpima.

La pili: je, sisi wa miaka kumi na sita twaweza kuwa na presha? Naam, twaweza, ingawa si kwa wingi kama wazee. Kwa watoto aghalabu daktari hutafuta kwanza kama figo zina shida, na siku hizi uzito wa mwili nao huangaliwa. Mwalimu wetu wa Bayolojia alileta mashine siku hiyo. Mwenzetu mmoja aliyetoka mbio uwanjani, jasho likimtiririka, alitoa 148 juu, na darasa zima likasema "woi!" Mwalimu akamketisha, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kupandanishwa, mkono mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Hilo la mdomo ndilo lililomshinda kidogo. Baada ya dakika kumi alipimwa tena akatoa 116/72.