ADOBO, KUKU WA UFILIPINO

Asidi ya somo la kemia, huko Ufilipino wanaipika na kuku. Magaribi mama anatia katika sufuria vipande vya kuku, siki, sosi ya soya, vitunguu saumu vingi, pilipili manga na majani ya loreli. Moto mdogo, dakika 40 hivi, anakula na wali. Wapishi wa kule wanakataza kukoroga mbele siki haijachemka. Na sufuria ya aluminiamu hapana, asidi inaikula!

Mmisionari wa Hispania, Pedro de San Buenaventura, aliandika jina adobo katika kamusi yake ya mwaka 1613, lakini wenyeji walikuwa wakipika na siki tayari. Soya ilitoka kwa Wachina. Zamani ilikuwa chumvi tu. Frigo haikuwako, na vijidudu vinavyoozesha nyama haviwezi kuzaana vizuri ndani ya siki na chumvi.