Barua ya Kazi na Karani wa Masijala

Wadogo zangu, mwalimu wa Kiswahili ameniomba niwaandikie habari za barua za kazi, kwa kuwa nami nilisoma shuleni hapa na sasa ni karani wa masijala. Masijala ndicho chumba kinachopokea barua zote za ofisi. Barua ikifika twaipiga muhuri wa tarehe, twaitafutia jalada lake, kisha twaipeleka kwa mkubwa anayehusika.

Basi mtu wa kwanza kuisoma barua yako siye yule uliyemwandikia. Ni karani, naye ana lundo mezani. Hutazama kwanza ile "Yah:". Ukiandika "Yah: Maombi", hujamwambia kitu. Maombi ya nini? "Yah: Maombi ya nakala ya cheti cha kuzaliwa" yamtosha, na barua yaenda mahali pake siku ile ile. Tena kama wajibu barua, nakili Kumb. Na. yake yote, pamoja na mikwaju yake. Bila hiyo, jibu lako laweza kuingia jalada jingine, na mkubwa akalisoma asijue lajibu nini.

Wengi huanza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Maneno hayo si kosa, lakini kwangu hayana kazi, msomaji amekwisha kukiona hicho kichwa. Anza na haja yako.

Sasa nije kwenye saa, maana hapa ndipo watu huumia. Sisi twahesabu saa tangu asubuhi kunapokucha. Waingereza huhesabu tangu usiku wa manane. Saa 2 asubuhi kwetu, kwao ni saa 8. Ofisi zetu huandika kwa lugha zote mbili, na wapo wanaochanganya. Kijana akiandikiwa "Fika kwa usaili saa 8:00" na hapana zaidi, afanyeje? Nilimwona mmoja aliyefika saa saba na nusu mchana, nguo zimepigwa pasi, vyeti ndani ya bahasha, na usaili ulikwisha tangu asubuhi. Barua yake ilikuwa na saa, ila haikuwa na neno "asubuhi". Nafasi ilikwenda kwa mwingine.

Na tarehe vivyo hivyo. 5/6 kwetu ni tarehe 5 Juni, Marekani ni tarehe 6 Mei. Andika jina la mwezi. Vipimo navyo vitajwe. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo walichokipeleka kwenye sayari ya Mars, kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha ratili, na waliozipokea wakazitumia kama nyutoni. Hata mabingwa hao, namba bila kipimo iliwashinda.

Chini ya sahihi andika jina lako kamili kwa herufi kubwa, kwani sahihi nyingi hazisomeki. Katika barua pepe ongeza na namba ya simu. Anwani ya utani mliyojitungia na wenzenu haimwambii karani wewe ni nani.

Tena weka nakala. Ukija dirishani kuulizia barua yako, nitakuuliza uliiandika tarehe gani na ilihusu nini hasa. Wenye nakala huondoka na jibu siku hiyo. Wengine huambiwa warudi wiki ijayo.