Kibanio cha kidoleni na mapafu yaliyojaa maji

Swali: Je, hospitali ya wilaya kama ya Kondoa inaweza kutambua mapafu yaliyoshindwa ghafla bila mashine ya kupumulia?

Jibu: Inaweza. Nimonia au maambukizi makali ya damu hulegeza kuta za vifuko vya hewa, maji yakavujia ndani. Vigezo vya Berlin vya 2012 vya kutambua hali hiyo vilidai kipimo cha gesi za damu na mashine ya kusukuma hewa, vitu adimu katika wodi za kwetu.

Utafiti wa Kigali uliochapishwa 2016 uliwachunguza wagonjwa 1,046. Kwa vigezo vya Berlin hakupatikana hata mmoja. Vilipolegezwa walipatikana 42, na nusu yao walifariki. Ugonjwa ulikuwepo, kilichokosekana ni vifaa.

Vigezo hivyo vilivyolegezwa, viitwavyo vya Kigali, hutumia kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kikisoma asilimia 90 na mgonjwa anavuta hewa yenye oksijeni asilimia 40, 90 hugawanywa kwa 0.4: jibu 225. Kiasi kisichozidi 315 ni ishara mbaya, iwapo eksirei au ultrasaundi inaonyesha maji pande zote mbili na moyo si chanzo. Mikono ikiwa baridi, kidole kipashwe moto kwanza. La sivyo kibanio hudanganya.