SOMO LA 14: UHURU ULILETWA NA NANI?



Wazee wetu wa Temeke na Kinondoni wana mengi ya kusimulia juu ya siku za kudai uhuru. Masimulizi yao ni mali. Lakini habari ikipita katika midomo mingi, hupungua hapa na kuongezeka pale. Sasa unajua kusoma. Unaweza kuipima. Tupime habari nne.

1. Watu husema: Uhuru uliletwa na mtu mmoja.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa kiongozi mkuu. Hilo ni kweli. Lakini hakuwa peke yake. Chama cha Waafrika, TAA, kilianzishwa mwaka 1929, na Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953. Tarehe 7 Julai, 1954, mjini Dar es Salaam, TAA iligeuzwa kuwa TANU. Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz na John Rupia walikuwa katika kazi hiyo. Mwaka 1955 Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa kuitetea nchi. Nauli yake ilitokana na michango. Kidole kimoja hakivunji chawa.

2. Watu husema: Wanawake walipiga vigelegele tu.

Si kweli. Wafanyakazi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU. Wanaume wengi waliogopa kufukuzwa kazi. Wanawake wenye biashara ndogo ndogo walikuwa na nafasi zaidi. Walinunua kadi, walichanga fedha na walipeleka habari nyumba kwa nyumba. Kiongozi wao alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam. Mwaka 1969 alikamatwa, kisha akahukumiwa kwa kosa la uhaini. Aliachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

3. Watu husema: Nchi hii haikumwaga damu.

TANU haikupigana vita. Lakini wazee wa zamani walipigana. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi. Watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa dawa ya maji. Waliamini kuwa risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Hazikugeuka. Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Viongozi wa TANU walikumbuka jambo hilo. Wakachagua kudai haki bila silaha.

4. Watu husema: Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961.

Iliyopata uhuru ni Tanganyika. Saa sita usiku, kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya Mwingereza ilishushwa katika Uwanja wa Taifa, Temeke. Bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Uwanja huo sasa huitwa Uwanja wa Uhuru. Malkia wa Uingereza aliendelea kuwa mkuu wa nchi mpaka tarehe 9 Desemba, 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963. Ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari, 1964. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili, 1964. Jina la Tanzania lilipatikana mwaka huo huo.

Kwa nini tupime habari hizi?

Anayeamini kwamba uhuru uliletwa na mtu mmoja, ataamini pia kwamba kisima na zahanati vitaletwa na mtu mmoja. Atakaa akingoja. Mama anayeambiwa kwamba wanawake hawakufanya kitu, atanyamaza mkutanoni. Lakini anayejua kwamba muuza vitumbua alichanga senti zake, na nchi ikasimama, atanyoosha mkono aseme.

Maswali

1. TANU ilitokana na chama gani?
2. Kwa nini wanaume wengi waliogopa kujiunga na TANU?
3. Njaa ya wakati wa Maji Maji ilisababishwa na nini?
4. Ni nchi zipi ziliungana mwaka 1964?

Kazi ya kufanya

Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwako habari za siku za uhuru. Ziandike katika daftari. Uliza: aliona mwenyewe, au alisimuliwa? Zisome darasani, mzijadili pamoja.