SOMO LA ROBO HII: TUPANDE CHAKULA CHA KIWAVI KWANZA



Katika robo hii tunajifunza juu ya bustani za vipepeo, na tunaanza na kosa letu wenyewe. Tulipoanzisha bustani ya mfano katika mojawapo ya sharika zetu, fedha yote ya miche tulinunulia maua. Vipepeo walikuja, wakanyonya, wakaondoka. Hatukuona yai hata moja. Wakati huohuo mlimau uliokuwa nyuma ya nyumba ya mwinjilisti ulijaa viwavi, nasi tukaagiza upuliziwe dawa. Tuliwaita vipepeo mbele ya kanisa, tukawaua nyuma yake.

Kwa nini maua hayatoshi

Kipepeo mzima hunyonya maua ya aina nyingi, lakini kiwavi wake hula majani ya mimea michache tu. Jike huligusa jani kwa miguu, huitambua ladha yake, kisha hutaga mahali ambapo watoto watapata chakula. Mifano:

- Mlimau, mndimu na mchungwa: hapa hutaga kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano (Papilio demodocus). Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Akisumbuliwa hutoa pembe mbili zenye harufu kali, lakini hawashi.
- Mtopetope wa porini: vipepeo wa kundi la Graphium.
- Mimea ya jamii ya Asclepias, yenye utomvu mweupe: kipepeo wa rangi ya chungwa (Danaus chrysippus). Utomvu huo una sumu, hivyo ipandwe mbali na watoto wadogo na mifugo.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya kutumia fedha, tembeeni mashambani mwone viwavi wanakula nini. Chukueni mbegu, msing'oe miche.
2. Pandeni miche kadhaa ya aina moja pamoja, kwa kuwa viwavi wachache humaliza majani ya mche mdogo.
3. Msipulize dawa bustanini. Michungwa michanga ya biashara iwe mbali.
4. Maua yafuate baadaye.

Kuhusu kipato

Mradi wa Kipepeo, Gede, Kenya, ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mradi wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, ulianza mwaka 2001. Wakulima walipanda mimea ya malisho, wakafuga viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya ng'ambo. Hivyo msitu uliosimama ukawa na faida kwao. Lakini mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na wafugaji wa vipepeo wakapoteza soko hilo.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zisiandike mauzo ya pupa katika maombi ya fedha bila kibali cha maandishi na mnunuzi wa hakika. Bustani isimame kwanza kwa matunda, mafunzo ya watoto wa shule ya Jumapili na utunzaji wa uumbaji, kazi tuliyopewa katika Mwanzo 2:15. Nanyi wafadhili, mkitutembelea msihesabu maua. Ulizeni viwavi wanakula nini.

Maswali ya kujadili

1. Ni mimea gani ya malisho tunayoifyeka usharikani kwetu tukidhani ni magugu?
2. Ni mradi gani mwingine tuliouwekea maua, tukasahau majani?